Laoshi Hasifu Mtu

Kuna watu ukisikia wamekufa unawasamehe papo hapo, na kuna wengine hata wakifa itabidi wangoje. Laoshi wangu yu hai bado, kwa hiyo mimi sina haraka.

Tulimwita Laoshi kwa sababu Wachina humwita hivyo mwalimu, na darasani hakukubali jina jingine. Ukimwita Madamu alikuwa akitazama dirishani kana kwamba amesikia paka. Alizaliwa na nani, ukoo wake ni upi, kawaulizeni watu wa kwao Mtongwe, wao ndio wanaopenda kuhesabiana mababu. Mimi nilimkuta mtu mzima, mwenye buibui iliyopigwa pasi mpaka kwenye pindo, miwani puani, chaki mkononi, akisomesha Kichina katika chuo kimoja cha Likoni ambacho nusu ya madirisha hayakuwa na vioo. Ujana wake aliumalizia China, akarudi, na tangu arudi alikuwa na mambo mawili tu duniani: swala zake na Kichina chake. Mume aliwahi kuwapo, lakini alimtaja mara moja tu, alipotaka mfano wa sentensi yenye wakati uliopita.

Mimi ni mtoto wa Utange, Mgiriama kwa baba na kwa mama. Kutoka Utange mpaka Likoni ni kuvuka mji mzima, halafu uvuke na kivuko. Nyumbani waliniuliza, "Kichina cha nini? Wewe utaolewa na Mchina?" Wenzangu darasani walijua wanalolitaka: kazi ya reli, kazi ya bandarini, bei nzuri ya vifuniko vya simu. Mimi nilitaka kitu kimoja ambacho niliona haya kukisema. Nilitaka kwenda China kusoma, nirudi niwe kama yeye. Siku ya kwanza nilimwona akifungua kitabu chenye yale maandishi yao, akasoma kimya kimya, akacheka peke yake. Nikasema moyoni, na mimi nataka kukicheka hicho anachokicheka. Hilo ndilo lililoniponza.

Kusomesha alijua, hapo simdhulumu. Kichina kina toni, neno moja ukilipandisha ni hili, ukilishusha ni lile, na sisi watu wa Kiswahili tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho basi, yaliyobaki yajiendee. Laoshi hakutupa nadharia. Toni ya kwanza, alisema, ni honi ya feri: imenyooka, haipandi, haishuki, na haimjali mtu. Ya pili ni "abee?" ya binti aliyeitwa na mamake na anajua alilolifanya. Ya tatu ni "mmh" ya mtu anayekubali jambo asilolipenda. Ya nne ni kufukuza kuku jikoni. Darasa zima tukawa tunafukuza kuku, mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Mimi toni nilizishika upesi. "Nyinyi Wagiriama mwaimba hata mkigombana," aliniambia, wenzangu wakacheka. Sikujua kama nimesifiwa au nimetukanwa. Kwake, vitu hivyo viwili vilikaa nyumba moja.

Lililotutesa sote lilikuwa "ni" na "si". Kwa Kichina "ni" maana yake wewe, na "shi" ndiyo "ni" yetu. Sasa mwambie Mswahili aseme "mimi ni mwanafunzi" bila kutumia "ni". Kila mtu alisimama akasema "Wo ni xuesheng", yaani "mimi wewe mwanafunzi". Wakirekebishwa, ulimi unateleza, "shi" inakuwa "si": mimi si mwanafunzi! Palikuwa na bwana mmoja mfanyabiashara wa Kisauni, mtu wa tumbo na heshima zake, alilisema hilo kila siku ya Mungu. "Wo si xuesheng." Laoshi alivumilia, alivumilia, mwisho akaweka chaki chini.

"Bwana, miezi mitatu waniambia wewe si mwanafunzi. Leo nimeamini. Mlango ule pale."

Yule bwana akadhani ni mzaha. Hakuwa mzaha. Alitoka na mkoba wake, na kesho yake alirudi akiwa na "shi" safi kabisa, amekesha nayo. Laoshi akamtazama tu, akaendelea na somo. Hata "ahsante" hakumpa.

Halafu vile vipimo vyao. Kichina huwezi kusema "samaki mmoja" ukanyamaza. Lazima katikati utie neno la kuonyesha ni kitu cha namna gani. Vitu bapa vina neno lao, vitu virefu vina lao. Wengi huchoka hapo wakaacha masomo. Laoshi alituambia, "Hizi ni ngeli. Nyinyi mmezaliwa ndani ya ngeli, mwalia nini?" Akatupangia: samaki, suruali, mto na njia ni ngeli moja, kwa kuwa vyote ni virefu na vyapinda. Tulicheka lakini haikutoka kichwani tena. Liko neno moja la uvivu, "ge", ambalo lafaa karibu kwa kila kitu, na wanafunzi hulipenda kama uji wa mgonjwa. Yeye alilichukia. Kwa mtu wa kuheshimiwa kuna "wei". Siku moja msichana mmoja akamtaja kwa "ge". "Mimi ni ge?" Laoshi akauliza. "Machungwa ndiyo ge. Mimi mwalimu wako." Na akakataa kumsomesha wiki ile mpaka alipokuja na mamake kuomba radhi. Kwa neno la herufi mbili! Lakini Laoshi huyo huyo, siku ya mtihani, alikuja na beseni la mahamri aliyoyapika mwenyewe alfajiri, akapita dawati kwa dawati, na yule wa "ge" akapewa mawili.

Ndivyo alivyokuwa. Mkono wake mwema, ulimi wake mwiba. Nilipougua malaria nikakosa darasa, alivuka kutoka Mtongwe mpaka Utange na miguu yake mibovu, akaingia kwetu na kikapu cha ndimu na mkate wa mofa. Mama yangu akababaika, akamfutia kiti mara mbili. Laoshi akakaa, akanywa chai, akampa mama pole zote za mgonjwa. Mama, kwa furaha, akasema, "Mwanangu husema unamfundisha vizuri, na yeye ajua kweli."

"Aa, wapi!" akajibu Laoshi. "Bado sana huyu."

Uso wa mama ukaanguka. Alipokwenda zake ikabidi nimweleze mama, kwa sababu mimi nilikwisha kumfahamu. Laoshi hasifu mtu mbele za watu. Ni mtu wa pwani wa kale: mtoto mzuri humwita mbaya, asipatwe na kijicho, na likimtoka la sifa basi mashallah iko mbele na nyuma. Na Wachina wa zamani nao, alitufundisha, ukiwasifu hujibu "nali, nali", na maana ya "nali" ni "wapi". Wapi, wapi! "Hapa wao na sisi ni ndugu," alisema, na ni mara chache nilimwona amefurahi vile. "Mtu ukimsifu asemaje? Aa, wapi! Mjinga ndiye asemaye ahsante." Kwake sifa kubwa ilikuwa kukurudishia karatasi isiyo na wino mwekundu, bila neno. Nilizipata chache, ninazo mpaka leo, sijui naziwekea nini.

Basi tukapanda ngazi. Kila tulipopanda, watu walipungua. Aliyepata kazi ya reli akaenda, aliyejua kuuliza bei akaona yatosha. Tulipofika Kichina cha kale, cha vitabu vya wazee wao, nilibaki peke yangu. Dawati moja, mwalimu mmoja, chumba cha watu arobaini.

Kichina hicho ni lugha nyingine. Maneno machache, hayana viungo, kama mtu aliyekasirika anayekuagiza kitu. Nililia nacho. Laoshi akaniuliza, "Kwani hujasoma tenzi wewe? Mtunzi akibanwa na mizani hutupa nini? Hutupa visivyohitajika. Basi hawa walijibana wenyewe." Akaniambia nisome kwa sauti kama ninayeghani, nisikimbilie maana. Kuna kijineno "zhi", akanionyesha, ndiyo "cha" na "ya" na "wa" yetu, isipokuwa haijali ngeli, na mwenye kitu ndiye hutangulia: watu zhi nyumba, nyumba zhi mlango. Kuna "ye" ya mwisho wa sentensi, ya kusema jambo limekwisha, hakuna ubishi. Asubuhi moja, baada ya miezi ya giza, nilisoma ukurasa mzima nikafika mahali nikacheka. Kilikuwa kichekesho cha mtu aliyekufa zamani za kale, nami nimekicheka Likoni. Nikainua macho. Laoshi alikuwa ananitazama, na machozi yamemlenga. Akageuka kufuta ubao uliokuwa safi tayari. Wallahi nilimpenda siku ile kuliko mama yangu.

Wakati huo chuo kilikuwa kimechoka na sisi. Wanafunzi wapya wa Kichina hawakuchukuliwa tena isipokuwa wa kozi fupi, salamu na bei na "mkebe huu umeharibika", na hiyo alipewa kijana mmoja wa suti aifundishe. Laoshi aliambiwa darasa lake litaendelea mpaka mwanafunzi wake wa mwisho amalize, kisha basi. Mwanafunzi wa mwisho ni mimi. Aliyasikia hayo, akatikisa kichwa, akanifungulia ukurasa mwingine.

Ndipo ikaja nafasi. Nafasi moja, ya kwenda China kusoma, kila kitu juu yao. Wakaja wageni wawili wa Kichina kuwasikiliza wanafunzi, na mkuu wa chuo, mtu wa bara, mpole, ambaye hakuwa amemaliza hata mwaka kwetu, ndiye wa kutoa jina. Tulikuwa wawili tulioitwa: mimi, na mvulana wa kozi fupi aliyejua salamu kumi na wimbo mmoja. Nitawaambia ukweli, sikuwa na wasiwasi. Yule mvulana mwenyewe aliniambia nje, "Dada, mimi nimekuja tu kupigwa picha."

Nilisoma mbele yao ukurasa wa kale. Mgeni mmoja, mzee, akaacha kalamu. Nilipomaliza alimgeukia Laoshi akasema kwa Kichina kwamba hakutarajia kusikia kitu kama hiki hapa. Laoshi akainama kidogo. "Nali, nali." Yule mzee akacheka, akafurahi, maana siku hizi hata vijana wao hawajibu hivyo. Mambo yalikuwa yanakwenda sawa. Mkuu wa chuo, ambaye hakuelewa hata neno moja, akauliza kwa Kiswahili:

"Sasa Mwalimu, wewe ndiye unamjua. Huyu msichana yuko tayari kwenda?"

"Aa, wapi!" akasema Laoshi. "Bado mtoto huyu. Bado sana."

Na mimi, jamani, mimi niliinamisha uso kwa haya. Haya ya mtu aliyesifiwa! Nilitabasamu mpaka mashavu yakaniuma. Nilijisemea, leo amenisifu mbele ya wageni.

Jina lililotolewa lilikuwa la mvulana wa salamu kumi. Mkuu wa chuo aliponiita ofisini alinihurumia kweli kweli. "Mwalimu wako mwenyewe amesema bado. Siwezi kwenda kinyume chake. Jikaze, nafasi itakuja tena." Haikuja tena. Nilirudi darasani nikamkuta Laoshi ameketi. Nikangoja aseme, lo, yule mtu wa bara hakunielewa, twende tukamweleze. Alisema, "Subira yavuta heri. Fungua tulipoachia."

Nikafungua. Ndiyo, nilifungua, msiniulize. Nilimaliza ngazi ya mwisho, nikapewa karatasi yangu, darasa likafungwa, kile chumba sasa wanafundisha ususi.

Leo nafanya kazi Changamwe, kwenye ghala la makasha. Mimi ndiye mkalimani. Msimamizi Mchina akimtukana mpakizi, mimi nafasiri. Mpakizi akimjibu, nafasiri, nikipunguza chumvi nyingi. Nimesoma Kichina cha wafalme, nauliza nani ameangusha kreti ya vigae. Msimamizi huyo ametoka kusini kwao, "shi" yake ni "si" tupu, na wapakizi humsikia akikubali "si, si" wakadhani asema "sisi". Akiulizwa nani atabaki kufagia, yeye yuwaitikia jambo jingine kwenye simu, wao wasikia "sisi", wanafurahi, wanakwenda zao. Nacheka nao. Kisha najifungia chooni kidogo.

Na kile kisa cha "aa, wapi" nilikigeuza kichekesho. Nilikisimulia kazini, harusini, kanisani baada ya ibada. Nilikuwa nafanya sauti zote: Laoshi na madaha yake, mkuu wa chuo na macho yake makubwa. Watu walikufa kwa kicheko. "Mtu wa bara na Kiswahili chetu!" walisema, na mimi nikasema, ndiyo, maisha yangu yaliliwa na tafsiri. Mtu akithubutu kumlaumu Laoshi nilimkatiza. Angejuaje, masikini? Alinisifu kwa namna yake. Ilinisaidia kulala, kwa kweli. Kuonewa na makosa kuna nafuu yake, maana hakuna mtu wa kumchukia.

Mwaka huu, mwezi mmoja baada ya Idd, nikasikia sukari imempanda miguuni na hatoki tena. Nikaomba ruhusa Jumamosi, nikanunua tende na machungwa, nikavuka kwenda Mtongwe. Nilimkuta barazani kwenye kiti cha kamba, buibui ile ile imenyooka, miwani minene zaidi. Mpwa wake alinikaribisha akaingia ndani kupika chai.

"Shikamoo, Laoshi."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo, keti karibu, mato yangu si mato tena, hayaoni."

Tukaulizana hali, ya kwake, ya mama, ya Utange. Akaniuliza kazi, nikamwambia ghala. Akaifuta miwani. Kisha, kwa kumchangamsha tu, naapa kwamba ilikuwa kumchangamsha, nikamwambia, "Laoshi, wajua huwa nawachekesha watu kwa kile kisa chako? Siku ya wageni. 'Aa, wapi!' Na yule mkuu wa chuo akaamini!" Nikaanza kucheka mwenyewe.

Yeye hakucheka. Alipapasa mkono wa kiti.

"Wewe wadhani alikosea kufahamu?"

"Si mtu wa bara, Laoshi. Angejuaje?"

"Hakujua. Mimi nalijua kwamba hajui." Alisema polepole, kwa sauti yake ya darasani, ya kumweleza mtu somo gumu. "Yule mzee Mchina nalimjibu kwa adabu. Yule mwingine nalimjibu swali lake. Aliniuliza uko tayari, nikamwambia hapana. Nalitumia neno ambalo wewe hutalisikia vibaya."

Nilisikia sufuria ikiwekwa jikoni. Nikamuuliza kwa nini, sauti yangu ikawa ya mtoto.

"Kwani hujui? Ungekwenda wewe, darasa lingefungwa siku ile ile. Mimi ningemsomesha nani? Miaka yote ile nalisomesha watu bei za vifuniko vya simu nikingoja mmoja tu. Nikampata. Nimtoe?" Akatikisa kichwa. "Nalitaka tufike mwisho wa kitabu. Tukafika. Hukufurahi wewe? Nalikuona ukifurahi."

Nilifurahi. Hilo ndilo siwezi kumsamehe, kwamba nilifurahi. Nilikaa pale na mfuko wangu wa machungwa mapajani, nikimchukia kwa moyo wangu wote, mama mtu mzima mgonjwa kwenye baraza yake. Hakuomba radhi, na sidhani kama ilimpitia akilini. Mpwa akaleta chai, nikainywa, maana ndivyo nilivyolelewa. Ilikuwa na tangawizi nyingi.

Nilipoinuka alinyoosha mkono akaushika wangu. Ulikuwa moto na mkavu.

"Sioni tena herufi," akasema. "Nina vitabu ndani, hakuna wa kunisomea. Hapa hakuna anayeweza ila wewe. Uwe waja Jumamosi, hata saa moja. Utakuja?"

Nikamtazama. Alikuwa ananing'ang'ania kama siku zote, na alikuwa ameinua uso, anangoja.

"Inshallah, Laoshi," nikasema.

Sisi Wakristo wa pwani nasi twaisema, na twaijua ile inshallah ya kweli, na twaijua ile nyingine, inayosemwa taratibu na mtu ambaye tayari ameshika njia. Mkuu wa chuo angeiamini, angeniandalia kiti. Laoshi ni mwenyeji. Akauachia mkono wangu.